Darasa Zima Lina Pumu

Ile fomu ilikuja nyumbani Alhamisi, imekunjwa mara nne ndani ya dayari ya shule ya binti yangu, na mimi niliijaza yote kabla ugali haujaiva. Ilikuwa na maswali ishirini. Juu kabisa walikuwa wameandika kwa herufi kubwa kwamba mtoto ajaze mwenyewe, mzazi asimsaidie. Niliyasoma hayo maneno vizuri. Kisha nikachukua kalamu.

Kabla hujanicheka, nikuulize kama wewe una mtoto kwenye huu mtaala mpya. Mimi tangu wangu aingie gredi ya kwanza nimesuka kamba ya mkonge, nimetengeneza ngoma kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, nimechonga mwiko, nimepanda sukuma wiki kwenye gunia pale kwenye ngazi za ploti tunayopanga hadi keateka anayetunza jengo akanigombeza. Kila kazi ikija imeandikwa mtoto afanye mwenyewe, na sijaona mtoto hata mmoja aliyefanya mwenyewe. Mwaka jana waliambiwa watengeneze sanamu ya kutisha ndege shambani. Sisi tunakaa ghorofa ya nne upande wa Kawangware, ndege wa kwetu ni korongo wale wakubwa wa jalalani ambao hata mtu hawamwogopi. Nilifunga fimbo mbili, nikaivalisha sanamu shati ambalo baba ya mtoto alikuwa ameacha nyuma ya mlango alipohamia Kitengela kwa mwanamke mwingine. Tulipata alama ya juu kabisa. Baada ya kusahihishwa nikaitupa, shati na fimbo pamoja, na nikajisikia vizuri siku nzima.

Kwa hiyo mkono wangu ulizoea. Fomu ikija, najaza.

Hii ilikuwa ya kupima afya ya akili ya watoto. Unalala vizuri? Unapenda kucheza na wenzako? Kuna kitu kinakuogopesha ukienda shule? Majibu yalikuwa matatu tu: hapana, siku zingine, kila siku. Nilipitia kama mtu anayefanya mtihani, nikitafuta jibu la mtoto mwenye furaha na kutia tiki hapo. Namba kumi na nne iliuliza kama nyumbani kuna mtu mzima unayeweza kumwambia ukiwa na huzuni. Nikaweka kila siku. Niliibonyeza kalamu mpaka alama ikatokea upande wa pili wa karatasi. Binti yangu alikuwa amesimama pale karibu na meko ameshika sufuria ya mboga, ananiangalia.

Swali la mwisho liliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote. Nikaandika pumu, maana hiyo kweli anayo. Pampu yake moja ya kuvuta dawa iko kwangu na nyingine hukaa kwenye droo ya mwalimu wake wa darasa.

Halafu kwenye kundi la wazazi la simu mmoja akauliza, wazazi wenzangu, hiyo namba kumi na nne mmeweka nini? Mwingine akauliza kama kuna mtu ana majibu. Nikapiga yangu picha, jina nimelifunika na kidole, nikaituma. Walinishukuru sana. Mimi wa kidato cha nne niliyetoka na C nilikuwa nawapa majibu watu wenye digrii na magari, na nisiseme uongo, nilifurahi.

Sasa niseme kile ambacho sikuandika kwenye fomu. Binti yangu alikuwa anang'oa nyusi zake. Alianza muda mfupi baada ya baba yake kuondoka, unywele mmoja mmoja, akiwa anasoma, akiwa anaangalia katuni, mpaka upande wa kushoto ukabaki ngozi tupu. Kwanza nilidhani ni mba, nikanunua dawa ya kupaka. Halafu nikamwona anavyofanya, na kila akipeleka mkono huko naupiga. Aliacha kufanya mbele yangu. Nikajiambia amepona.

Wiki iliyofuata hiyo fomu ikawa siasa. Unahitaji kujua kwamba diwani wetu na mwenyekiti wa bodi ya shule hawasalimiani, kwa sababu mwenyekiti anataka kile kiti cha diwani na kila mtu analijua hilo. Mwenyekiti ndiye aliyekubali huo mpango wa kupima watoto uje shuleni. Basi mheshimiwa diwani akaukataa. Mwenyekiti angesema watoto wanywe maji, mheshimiwa angeitisha mkutano wa kupinga maji. Sauti zikaanza kuzunguka kwenye simu kwamba majina ya watoto watakaopatikana na shida yataandikwa mahali, na wakikua hawataandikwa kazi ya polisi, wala jeshi, wala kupewa viza. Kwamba shule inatafuta wazimu kwa watoto wa maskini, mbona wa matajiri kule Lavington hawapimwi.

Niliamini kila neno. Nilikuwa tayari na hasira ya mambo mengine, na hii ilinipa mahali pa kuiweka. Nilimwona binti yangu ameandikwa kwenye kitabu cha mtu, mtoto wa mama peke yake, hana nyusi. Nikaandika mambo mazito kwenye kundi, na kijana mmoja wa mheshimiwa akanipigia kuniuliza kama naweza kusema hayo hayo Jumamosi kwenye mkutano. Nikamwambia naweza kusema mabaya zaidi.

Mkutano ulikuwa uwanjani pa shule. Hema zilikuwa za mwenyekiti na zilikuwa na uso wake kila nguzo. Vipaza sauti vilikuwa vya mheshimiwa. Kwa hiyo mmoja alikuwa na kivuli na mwingine alikuwa na sauti, na walibishana karibu nusu saa ni mchungaji wa nani atafungua kwa maombi. Wote wawili wakaomba. Wa pili aliomba dhidi ya wa kwanza.

Nilipopewa nafasi niliongea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisema vichwa vya watoto wetu ni vyetu. Nilisema mwalimu kazi yake ni hesabu na Kiswahili. Walipiga makofi, na makofi yakanipeleka mbali. Nikamgeukia mwalimu wa darasa la binti yangu, ambaye ndiye anayesimamia ushauri nasaha pale shuleni, amekaa safu ya mbele na sweta yake ya kijani iliyochakaa viwiko, nikasema kwenye kipaza sauti cha mheshimiwa, "Huyu hajazaa. Ndiyo maana anatafuta makosa kwa watoto wa wenzake."

Watu walishangilia. Hakuinamisha kichwa. Aliniangalia tu, kama anavyowaangalia watoto wakisoma kwa sauti, anasubiri sentensi iishe.

Zamu yake ilipofika kile kipaza sauti kilianza kupiga miluzi, na wale vijana wa mitambo hawakuharakisha kukirekebisha. Akakiweka chini. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, lakini miaka yake yote ameongea na watoto zaidi ya hamsini ndani ya chumba kimoja, na tulimsikia mpaka nyuma. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya kaki.

Alisema fomu zimerudi zote na anatushukuru. Amezisoma. Darasa lake ndilo darasa lenye furaha kuliko yote Nairobi, hakuna mtoto asiyelala, hakuna anayeogopa kitu, hakuna anayelia. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mheshimiwa akatabasamu.

"Shida ni moja," akasema. "Darasa zima lina pumu."

Ilichukua muda kidogo. Kwanza akacheka mama mmoja wa kuuza mandazi pale langoni, halafu safu nzima, halafu hata mchungaji wa pili. Wababa wenye tai walikuwa wanaangalia viatu vyao. Walikuwa wamenakili ile picha mpaka neno la mwisho, watu wazima, kila mmoja kwa mwandiko wake mzuri, pumu, pumu, pumu. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. Akasema haulizi nani alianza. Anachojua ni kwamba aliuliza watoto swali, wakajibu wazazi, na bado hajui watoto wanasema nini.

Mimi sikucheka. Mtoto mwenye pumu darasani humo ni mmoja. Pampu yake iko kwenye droo ya huyu mwanamke. Alijua tangu karatasi ya kwanza picha ilikuwa ya nani, na alikuwa amelijua hilo wakati nimesimama pale nikimwambia mbele ya mtaa mzima kwamba hajazaa. Neno moja tu lingetosha kunimaliza. Alikuwa nalo mkononi, kwenye bahasha, na hakulitumia.

Mheshimiwa hapendi watu wacheke kitu ambacho hakukisema yeye. Alisimama akadai bahasha. Alisema yeye ndiye mwakilishi wa wananchi, wananchi wana haki ya kujua watoto wao wameulizwa nini, na zisomwe hapo hapo moja moja. Mwalimu alirudi kwenye kiti chake, akaweka bahasha kwenye kiti, akaikalia. Hivyo tu. Alivuta sketi yake kufunika magoti, akakunja mikono, akamwangalia.

"Niliahidi ni siri, mheshimiwa," akasema. "Sikuahidi ni siri mpaka wewe uje."

Mheshimiwa akamwuliza kama anajua kuna shule mbali sana na Nairobi zinazohitaji walimu. Akajibu kwamba huko pia kuna watoto.

Mwenyekiti naye akaona hapo pana nafasi. Akaja kwa upole, akainama, akamwambia kwamba kama mwenyekiti wa bodi angeweza kumhifadhia hizo karatasi ofisini kwake. Mwalimu alimkatalia hata yeye. Watu hao wawili kwa mara ya kwanza walikuwa na msimamo mmoja, na msimamo wenyewe ulikuwa kwamba huyo mwanamke ainuke. Alikaa pale saa mbili na zaidi. Wenzake walipoenda kunywa chai alikaa. Jua lilipohama na kuingia chini ya hema alikaa. Nimeona wanaume wakishikilia viti vya siasa kwa kila njia, lakini sijaona mtu akishikilia kiti kama yeye alivyokishikilia kile cha plastiki.

Mwishowe mkutano ulijifia. Mwalimu alisema fomu zile atazichoma na atawapa watoto mpya, wakajazie shuleni wenyewe, na mzazi ambaye hataki asitie sahihi. Anayetaka amlete mtoto mwenyewe, siku yoyote baada ya masomo.

Nilikuwa najaribu kutoka kwa upande wa vyoo asinione. Akaniona. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama, ile pampu inaisha. Uniletee nyingine Jumatatu."

Basi. Ndiyo yote aliyosema.

Jumatatu niliituma na mtoto, maana uso wa kwenda nao sikuwa nao. Lakini Jumatano jioni mwalimu akaja mwenyewe kazini kwangu. Ninauza vitambaa vya mapazia katikati ya mji, pale Biashara Street, kwa mama mmoja Mhindi wa Parklands ambaye familia yake ina hilo duka tangu enzi za babu yao. Mwalimu aliingia akiwa na vipimo vya dirisha ameviandika kwenye kiganja. Sidhani alijua nafanya kazi pale. Au alijua. Kwake huwezi kujua.

Alitaka kitambaa kizito cha dirisha moja. Wamempa stoo ya zamani ya ramani ndiyo iwe chumba cha kuongea na watoto, na dirisha lake linatazama uwanja, kila mpira ukienda pale kuna pua tano kwenye kioo. Bosi wangu alikuwa kwenye dawati lake akisikiliza, na hana tabia ya kusikiliza kimya. Alisema shule ya wajukuu wake huko Parklands ina mshauri, ana sofa, ana samaki kwenye kioo, na wazazi wanamlipia kila muhula.

"Sisi nalipa, nyinyi napewa bure nakataa," akaniambia. "Akili yenu iko wapi?"

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu hakukuwa na kosa kwenye maneno yake. Akaenda nyuma akarudi na kipande cha mwisho wa roli, cha bluu, kile ambacho huwawekea wateja wake wa miaka mingi, akakitupa juu ya meza akisema apimiwe hicho, kinatosha.

Nilipokuwa nakunjua nikamwuliza mwalimu kwa sauti ya chini, binti yangu amekuambia nini.

"Hajaniambia kitu," akasema. "Anakaa karibu na dirisha, anajishika nyusi. Ningekuwa najua ni nini nisingehitaji kumwuliza."

Nikaanza kusema kuhusu yale ya Jumamosi. Nilikuwa nimeyapanga, nilikuwa nimeyarudia nikioga. Alinisikiliza mpaka nikakwama.

"Uliyasema mbele ya watu wengi," akasema. "Niliyasikia."

Hakusema si kitu, hakusema amesahau. Nilitaka aseme ili nipumue. Aliniachia mzigo wangu, akanyoosha kiganja nisome vipimo tena, na nilimheshimu kwa hilo kuliko angenikumbatia. Nimekuwa na watu wengi wa kuniambia si kitu. Baba ya mtoto aliniambia si kitu siku anabeba viatu vyake. Nilikata kile kitambaa kwa uangalifu ambao sijawahi kumkatia hata mwenye hoteli, nikapinda kingo mwenyewe kwa cherehani ya nyuma.

Ijumaa nilitia sahihi na nikaomba ruhusa kutoka mapema. Hatukuwa wengi. Alikuwepo yule mama wa mandazi na mtoto wake, na baba mmoja mwenye tai ambaye hakutaka kunitazama. Watoto waliingia mmoja mmoja. Wazazi benchi la nje. Binti yangu alipoitwa alichukua penseli yake, akaniangalia kama anayengoja nimpokonye, akaingia. Pazia langu likavutwa.

Kukaa kwenye lile benchi ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanyia ile shule. Kamba ya mkonge ilikuwa rahisi. Mikono yangu haikuwa na kitu cha kufanya. Nilijua swali la kwanza, nilijua la pili, nilikuwa nahesabu kichwani amefika wapi, na nilipofika kumi na nne nilisimama, nikakaa. Sikusikia kitu. Kitambaa kile ni kizito, nilikikata mwenyewe.

Alitoka macho mekundu lakini hana kwikwi. Mwalimu alikuja nyuma yake na bahasha kwapani, akaniambia angependa kuongea naye kila Ijumaa kwa muda, na kama kuna jambo la kunihusu kama mzazi nitaambiwa, na mtoto atajua kwamba naambiwa. Nikamvuta mwalimu kando. Nilimwuliza, kumi na nne ameweka nini.

Aliniangalia vile vile alivyomwangalia mheshimiwa.

"Hata wewe, mama," akasema, na akaisogeza bahasha mkono wa pili.

Tangu hapo mheshimiwa ameshakuja kupigwa picha mbele ya hicho chumba, akaeleza watu wa magazeti kwamba ni wazo lake la siku nyingi. Mwenyekiti naye anasema ni lake. Pazia hakuna aliyelidai. Mwalimu bado yupo. Siku wakijaribu kumhamisha watanikuta nimekalia lango, na mimi sina upole wake.

Lakini ile Ijumaa tulirudi kwa miguu, tukapitia Muthangari kwenye zile kuta ndefu zenye maua. Nilikuwa na maswali ishirini mdomoni. Sikuuliza hata moja, na mtu anayenijua anaelewa hiyo ni kazi. Tulikuwa karibu kumaliza ukuta wa tatu aliposema, bila kuniangalia,

"Ile shati ya Baba tuliyoivalisha sanamu ilienda wapi?"

Uongo ulikuja wa kwanza, mzuri kabisa, umekamilika. Nikauacha.

"Nilitupa," nikasema.

"Mimi nilikuwa naitaka."

Na jibu la hasira nalo lilikuja, kwamba huyo mtu ndiye aliyeiacha, si mimi. Mkono wake ulikuwa umepanda kwenye jicho la kushoto. Sikuupiga. Nikamwuliza angeiweka wapi hiyo shati kama ingekuwepo. Akafikiria, akashusha mkono ili anionyeshe ukubwa wa kitu, boksi gani, chini ya kitanda upande upi, kwa nini upande huo na si ule mwingine, na tulipofika kwenye ngazi za ploti alikuwa bado ananieleza.